Saa za Huduma Katika Mji wa Ndugu Watupu

Walimu vijana niliowaachia meza yangu mwezi uliopita hawakuniuliza habari za vyeo wala mshahara, na nawashukuru kwa hilo. Waliniomba jambo moja: niwaandikie namna ya kupanga saa za nje ya darasa. Nawaelewa. Mwanafunzi wa stashahada ana masomo yanayomtoa jasho, ana insha ndefu isiyokwisha, halafu juu yake anatakiwa atimize saa za michezo, saa za ufundi na saa za huduma kwa watu. Wiki za mwisho wanafunzi humlilia mratibu. Mratibu naye hulia, ila yeye hujifungia ofisini kwanza.

Nimeifanya kazi hiyo katika shule nyingi, za pwani na za bara. Lakini yote ninayoyajua nilijifunza Garissa, nilipokuwa kijana mwenye masharubu membamba, katika miaka ile ya vita ambamo serikali iliwaita wapiganaji wa upande wa pili shifta, yaani majambazi, na wao wakijiita majina mengine. Kwa hiyo sitawaandikia kanuni. Nitawaeleza habari za mwanafunzi mmoja aitwaye Dahir, na mkimaliza kusoma mtaziona kanuni wenyewe.

Nilifika mwaka wa sitini na tano, nimetoka Malindi, ndani ya lori lililokuwa katikati ya msafara wa askari. Vumbi liliniingia hata ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na mpaka leo sijui liliingiaje. Aliyenipokea ni Bwana Daudi, Mtaita mkimya aliyekuwa mwalimu mkuu msaidizi na mratibu wa saa kabla yangu. Hakunipa pole ya safari. Alinishika mkono, akanipeleka barazani mbele ya chumba cha walimu, akanionyesha mlango wa zamani wa stoo uliopakwa rangi nyeusi na kutundikwa ukutani.

"Huu ndio ubao," akasema. "Sasa ni wako. Ukinifutia mstari wowote bila kuniuliza, tutagombana."

Kila mwanafunzi wa stashahada alikuwa na mstari wake wa visanduku. Chaki ya njano ilikuwa ya michezo, buluu ya ufundi, nyeupe ya huduma. Kila aliyepita barazani aliuona ubao ule: wanafunzi, mpishi, wazazi waliokuja kuulizia watoto, hata maofisa wa usalama waliokuja kunywa chai. Niliupenda tangu siku ile. Hakuna aliyeweza kujificha nyuma yake, hata mratibu.

Juma la kwanza nilipanga ratiba kama nilivyofundishwa chuoni. Huduma niliiweka kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na michezo asubuhi kabla ya darasa. Niliiandika kwa mwandiko mzuri sana. Bwana Daudi akasimama mbele yake, mikono nyuma, akaanza kucheka bila sauti.

"Saa kumi wavulana wako wako wapi?"

Nikasema wako darasani wanamaliza.

"Wako kwenye mapipa. Punda wanatoka mtoni na maji wakati huo, na asiyepokea maji leo, kesho haogi wala hali. Baada ya hapo ni sala ya alasiri. Na saa kumi na mbili ni kafyu. Mwanafunzi wako atatoka kijijini kwa miguu saa kumi na mbili kasorobo, akutane na askari ambaye hajui habari za ratiba yako." Akachukua kitambaa. "Panga maji kwanza. Halafu sala. Halafu kafyu. Kilichobaki ndicho siku."

Ushauri huo nimeutumia hata Nairobi, ambako hapakuwa na punda wala kafyu. Kila mahali pana kitu ambacho watu hawawezi kukisogeza. Kitafuteni hicho kabla hamjagusa chaki.

Makosa mengine nitayapitia haraka, kwa faida yenu. Msianzishe mashindano ya kuogelea katika mto wenye mamba. Msiweke mbio ndefu katika mwezi wa Ramadhani, hata kama mwanafunzi mwenyewe anaapa kuwa anaweza. Na katika mji ulio vitani, chama cha michezo ya kuigiza kikiomba ruhusa ya kuchonga bunduki za mbao, jibu ni hapana. Mimi nilisema ndiyo. Tulirudishiwa waigizaji wetu wakiwa juu ya gari la jeshi, wazima, alhamdulillahi, lakini bunduki hatukuziona tena.

Wanafunzi walinipa jina la Maalim Waayo. Waayo kwa Kisomali ni kwa nini, na ni kweli nilikuwa nauliza kupita kiasi. Kwa nini ngamia yule ana alama shingoni? Kwa nini mnamwacha mzee yule achote maji kwanza? Walinijibu kwa subira, huku wakicheka. Walipotaka ruhusa ya kutoka waliniita abti, yaani mjomba, kwa sauti tamu. "Abti, leo tu. Abti, bole, nitarudi mbio." Kiswahili chao kilikuwa kizuri, ila p iliwatoka kama b, na v kama f. Nilijua kuwa uabti ule ulikuwa wa kuombea ruhusa, lakini ulinifurahisha hata hivyo. Nilikuwa mbali na kwetu.

Ni Dahir peke yake ambaye hakuniita hivyo hata siku moja. Yeye alimwita kila mtu kwa undugu wake: mpishi alikuwa adeer, yaani baba mdogo, mwenye punda alikuwa awoowe, babu, mama wa duka lililo mbele ya lango alikuwa eddo, shangazi. Mimi nilikuwa Maalim, na Maalim tu. Nilidhani hanipendi. Nakiri kwamba jambo hilo lilinikera zaidi ya ilivyostahili mtu mzima.

Alikuwa kijana mrefu, mkavu, mwenye kuuma mwisho wa kalamu wakati wa kufikiri. Baba yake alikuwa amefariki, na ngamia wa nyumba yao walikuwa wamekwisha katika vurugu za mwaka ule. Mama yake aliishi pembeni mwa mji, upande ule ambao sasa ni mtaa wa Iftin, pamoja na watoto wadogo. Dahir alikuwa ameahidiwa nafasi ya kusomea utabibu wa hospitali, kwa sharti awe na stashahada mkononi. Bila hiyo karatasi nafasi inakwenda kwa mwingine, na nyumba ile yote ilikuwa haina tegemeo jingine. Masomo hayakumshinda. Kilichomshinda ni chaki nyeupe.

Kisa chenyewe ni hiki. Mkuu wetu wa shule, Mzungu mzee aliyependa utaratibu na hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameweka sharti kwamba huduma haihesabiwi ikiwa imefanywa kwa ndugu. Sharti lilikuwa na maana. Hakutaka mwanafunzi akachunge mbuzi wa mama yake kisha aje kudai chaki. Kule alikotoka yeye, nadhani, mtu anajua ndugu zake wote na wanatosha kukaa meza moja.

Mara ya kwanza nilimpeleka Dahir kwa mjane mmoja aliyebomokewa na kibanda chake baada ya mvua. Alifunga fito, akatandika mikeka, akarudi amechafuka hadi nyusi. Nikamjazia visanduku vyake vyeupe kwa moyo mkunjufu. Asubuhi iliyofuata nikamkuta amesimama barazani.

"Maalim, futa."

"Nifute nini?"

"Saa zangu. Tulibokuwa tunafunga fito, yule mama akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamhesabia. Yeye bia akahesabu. Babu wa saba ni mmoja. Yule ni eddo yangu."

Nilidhani ananitania. Ndipo nikajifunza kwamba mtoto wa kule hufundishwa majina ya mababu zake kabla hajajua kufunga kikoi: baba, babu, baba wa babu, na kuendelea, mpaka anafika kwa babu wa kabila lote. Hesabu hiyo wanaiita abtirsi. Dahir alinihesabia yake pale pale, bila kumeza mate, na mimi nikabaki nimeduwaa. Akaniuliza yangu. Nilitaja baba, babu, na baba wa babu kwa kusitasita. Akanitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyeambiwa kuwa nimefiwa.

Nikampeleka kwa mzee mgonjwa. Babu wa tano. Nikampeleka kwa familia iliyotoka Wajir, nikajua hao ni wa mbali. Walikaa, wakanywa chai, wakahesabu: babu wa kumi na kitu, lakini mmoja. Kila mara alikuja mwenyewe barazani na kusema futa.

"Kwa nini wenzako hawafutiwi?" nikamwuliza. "Hata wao wanahudumia watu wa mji huu huu."

"Wao hawaulizi."

"Basi na wewe usiulize."

"Maalim, siku hizi askari anamwonyesha mtu kidole, anakuuliza, huyu ni wako? Ukisema habana, yule mtu anabanda gari, na hatujui gari linakwenda wabi. Mimi sitaki kuandika habana juu ya mtu, hata kwa chaki. Sitaki mdomo uzoee."

Nilikwenda kukaa peke yangu, na chai ikanipoa mkononi. Nilikuwa nimelichukulia sharti lile kama jambo la shule tu.

Basi tukaanza kutafuta, mimi na yeye, mtu asiye ndugu. Kazi hiyo ilinifurahisha mno, lazima niseme ukweli, maana ilinipa ruhusa ya kuuliza maswali mji mzima. Mpishi? Ndugu. Mlinzi? Ndugu kwa babu wa tatu, tena wanafanana masikio. Fundi cherehani? Si wa ukoo, lakini amemwoa binti wa ukoo, na watoto wake ni ndugu, na ukimsaidia yeye umewasaidia watoto. Bwana Daudi, aliyekuwa ameshapata uhamisho na anafunga mizigo, alituangalia tukihangaika akasema angetamani kubaki aone mwisho wake.

Tulimpata karibu na mto. Jina lake Mzee Galgalo, Muorma, mtu mfupi mwenye jicho moja lililojaa ukungu. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha, watu wake walikuwa wamekimbilia upande wa chini wa mto, naye alibaki nyuma kwa sababu ya macho. Alisokota kamba na kuziuza. Dahir alikaa naye asubuhi nzima, wakahesabu kwa bidii, mmoja kwa majina yake na mwingine kwa yake, na hapakuwa na jina hata moja walilokutania. Dahir alirudi shuleni anakimbia.

"Maalim! Si ndugu! Wallahi si ndugu kabisa!"

Sijamwona mtu aliyefurahia kukosa ndugu kiasi kile.

Kilibaki kikwazo kimoja, kile kile cha kila safari ya huduma: kibali. Hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kutoka nje ya ua wa shule bila kibali cha Inspekta, ofisa wa usalama wa mji, mtu wa bara mwenye sauti ya upole na viatu vinavyong'aa katika vumbi lile, jambo jingine ambalo sijalipatia maelezo. Yeye alilipenda sharti la Mkuu kwa sababu zake. Aliamini kwamba kijana anayekwenda kwa ndugu anaweza kupeleka chakula au habari porini kwa shifta. Kwa hiyo kila nilipoomba kibali aliniuliza ana kwa ana, "Mwalimu, unaniambia huyu haendi kwa watu wake?" Na mimi nilimjibu. Juu ya Dahir nilimjibu kwa uhakika kuliko wote: "Inspekta, huyu mzee si wake kabisa. Wamehesabu."

Miezi ikaenda. Dahir alimpeleka Mzee Galgalo zahanati kutiwa dawa ya macho, akamjengea kibanda, akambebea maji. Alimsimulia masomo ya biolojia, na mzee alimwambia kuhusu magonjwa ya ng'ombe mambo ambayo hayakuwamo kitabuni. Nyeupe ikajaa kwenye ubao, kisanduku baada ya kisanduku. Nilipopita barazani asubuhi niliutazama mstari ule kabla ya mingine. Muhula wa mwisho ulipoanza, alikuwa amebakiza kidogo sana.

Ndipo lori likashambuliwa barabarani, si mbali na mji. Asubuhi yake askari waliuzingira mtaa wa karibu na mto, wakawatoa wanaume wote na kuwaketisha uwanjani juani. Walimu tuliitwa tukawatambue wanafunzi wetu, kwa sababu ilikuwa siku ya huduma na baadhi yao walikamatwa humo humo. Nilimkuta Dahir amechuchumaa, na kando yake Mzee Galgalo, kilemba chake kimefunguka.

Utaratibu ulikuwa mfupi. Mwenye karatasi ya utambulisho anaionyesha. Asiye nayo anadhaminiwa na ndugu anayejulikana. Asiye na karatasi wala ndugu anapanda gari. Mzee Galgalo hakuwa na karatasi. Ofisa akauliza kwa sauti, "Huyu ni wa nani?"

Nikamwona Dahir anasimama.

"Ni adeer wangu."

Inspekta aligeuka. Alimtambua. Kisha akanitafuta mimi kwa macho, akanipungia mkono nisogee.

"Mwalimu," akasema kwa ule upole wake, "wewe ulikuja ofisi yangu ukaniambia mzee huyu si wa huyu kijana. Wamehesabu, ukasema. Leo kijana anasema ni baba yake mdogo. Nani kati yenu ananidanganya?"

Nilielewa mara moja kilichokuwa mbele yangu. Nikisema si ndugu, mzee anapanda gari. Nikisema ni ndugu, Dahir anapoteza stashahada, na huenda vibali vya shule nzima vinafutwa pamoja naye. Dahir hakunitazama. Alikuwa anamfunga mzee kilemba.

Kilichoniokoa ni udadisi wangu. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimemwuliza Dahir kwa nini watu wengine mjini wana sura na majina ya mbali, lakini wanahesabiwa ndani ya ukoo. Alinieleza habari ya sheegad. Mtu mpweke akiingia kwa ukoo usio wake, akautaja mbele ya watu, na wenye ukoo wakakubali, basi amekuwa wao. Damu yake ni yao, deni lake ni lao.

"Hakuna anayekudanganya, Inspekta," nikasema. "Nilipokuja ofisini kwako hakuwa ndugu yake. Sasa ni ndugu yake."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Amemtaja mbele yako. Bado wenye ukoo tu wakubali."

Inspekta alikunja uso. Kabla hajasema neno, mzee mmoja wa ukoo wa akina Dahir, mtu mwenye ndevu za hina ambaye Inspekta alimjua na kumheshimu, akainuka taratibu kutoka pale alipoketishwa. "Mzee hii ni yetu," akasema. Akaanza kuhesabu mababu, na alipofika mahali fulani akaliweka jina la Galgalo ndani, kama lilikuwapo siku zote. Mwingine akainuka: ni yetu. Na mwingine. Walisimama mpaka askari wakaanza kutazamana.

Inspekta aliniangalia kwa muda. "Kwetu pia kuna kitu kama hiki," akasema, kana kwamba neno limemponyoka. Kisha akarudi kuwa ofisa. "Sawa. Mzee abaki. Lakini huyu kijana sasa anakwenda kwa ndugu. Kibali chake nakichukua."

Mzee Galgalo alirudi kwenye kibanda chake kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nilirudi shuleni kwa njia ya kuzunguka.

Dahir alifika barazani kabla yangu. Alikuwa ameshika kitambaa, na mstari wake mweupe wote ulikuwa umefutika.

Nilimkasirikia. Nilimwambia hana haki ya kuugusa ubao wangu, na kwamba saa zile alizitumikia wakati mzee hajawa ndugu, kwa hiyo ni halali. Nilikimbia kwa Mkuu, na Mkuu, nampa haki yake, alikubaliana nami: za nyuma zihesabiwe. Nikarudi na habari hiyo kama mtu aliyeleta zawadi.

"Habana, Maalim," akasema. Siku ile ulimi ulimteleza kila mahali. "Undugu hauanzi. Ukishaingia ndani, umekuwa ndani tangu zamani. Na tena, Insbekta anakunywa chai haba, barazani. Akisoma kwenye ubao kuwa Adeer Galgalo alihesabiwa mtu baki, siku akikasirika atamrudia. Acha ubao useme kitu kimoja."

Alikuwa amesema kweli. Zilibaki wiki chache kabla ya Mkuu kufunga hesabu. Dahir hakuwa na kibali cha kuvuka lango, na ndani ya ua kila mtu alikuwa ndugu yake. Kwa siku mbili nilizunguka bila hamu ya kula. Nilimwona mama yake nje ya ukuta wa miti, amekuja kumletea maziwa ya mbuzi, na sikuweza kumtazama usoni.

Siku ya tatu Dahir mwenyewe alikuja kunigongea mlango wa darasa.

"Maalim, wewe si ndugu yangu."

"Najua," nikasema, na nadhani uchungu ulisikika.

"Na una shida kubwa."

"Shida gani?"

"Unauliza maswali kwa watu ambao hujui lugha yao. Unajibiwa nusu. Na wale askari wa lango hawajui hata hiyo nusu. Juzi mama mmoja aliambiwa simama, hakuelewa, akaendelea kutembea, na mtu akashika bunduki. Mama yangu anabita langoni bale."

Hivyo ndivyo lilivyoanza darasa la Kisomali kwenye bwalo, baada ya sala ya alasiri na baada ya maji, kabla ya kafyu. Bwana Daudi angefurahi. Waliketi walimu wa pwani na bara, wake zao, na wale askari wawili wa lango, na mbele yao alisimama Dahir na chaki. Baadhi ya wanafunzi walinung'unika kwamba anawafundisha askari. Yeye aliwafundisha askari neno la kusimamisha mtu, joogso, halafu akawafundisha kuliambatanisha na hooyo, mama, na kulisema kwa sauti ya chini. Aliwarudisha nyuma mpaka wakaweza. Baada ya hapo nilikuwa nawasikia langoni: hooyo, joogso. Wanawake walisimama, na wengine waliwajibu.

Mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya kuliko askari. Nilikatiza kila sentensi kwa waayo. Dahir alinivumilia, akinisahihisha kwa ukali kidogo, na aliendelea kuniita Maalim hata pale yeye ndiye alipokuwa maalim. Wenzake walinizoea kabisa na kuniita abti bila hata kuomba ruhusa ya kutoka. Yeye, hapana. Nilijiambia kuwa hilo halinihusu.

Mkuu aliukubali utumishi ule. Nyeupe ikarudi ubaoni, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe, na ilitimia siku chache kabla hajafunga hesabu.

Siku ya kutoa vyeti tulikusanyika bwaloni. Wazazi walipata kibali cha kuingia. Mama yake Dahir alikuja, na pembeni yake aliketi Mzee Galgalo amevaa kanzu ya kuazima. Inspekta alisimama mlangoni na viatu vyake. Mkuu aliita majina, akapeana mikono, na Dahir akapokea karatasi yake. Hakurudi kukaa na wenzake. Alikuja moja kwa moja hadi nilipokuwa.

"Maalim, karatasi hii inaweza kufutwa?"

"La."

"Hata wakigundua kitu?"

"Imepigwa muhuri, Dahir. Imekwisha. Hakuna wa kuifuta."

"Mkuu anajua hifyo? Na Insbekta?"

"Wote wanajua. Kwa nini unauliza?"

Aliikunja taratibu, akaitia ndani ya shati upande wa kifua, akaibonyeza kwa kiganja kuhakikisha imekaa. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Basi twende, abti," akasema. "Hooyo amebika, na Adeer Galgalo amechoka kungoja."

Nilitaka kumwuliza tangu lini. Lakini jibu alikuwa ameshanipa, pale barazani, na kitambaa mkononi.